Chembe Nyeusi za Kisima cha Elema

Hadado, 13 Januari 2025

Mwalimu Kanana,

Qabale wangu amekufa. Ijumaa, kabla jua itoke. Daktari wa Wajir alisema figo. Tumemzika siku hiyo hiyo saa kumi.

Simu yangu imeanguka kisimani mwezi wa kumi na moja, ndio maana naandika. Kuandika ni wewe ulinifundisha, kwa ile darasa ya ngumbaru ulipokuwa hapa. Kwa hivyo makosa ni yako pia.

Hii barua si ya kulia. Nina kazi nataka unifanyie.

Jana watu walikuwa kwangu wanasoma Kurani. Kerrow alikuja. Ni ndugu mkubwa wa Qabale, unamjua, ile mrefu wa ngamia. Alishika birika ya Qabale, ile ya chai. Ndani iko na ukoko nyeupe. Akavunja hiyo ukoko na kisu, akaniwekea kwa mkono mbele ya wazee wote.

Akasema, "Shemeji, shika. Hii ndiyo ilikuwa ndani ya dada yangu. Imetoka kwa kisima yako."

Nikaifunga kwa karatasi mbele yao.

Wewe ulikuwa umeshahamia Garissa wakati nilichimba hiyo kisima. Mita kumi na mbili, miezi minne, na mikono yangu. Ilitoa maji mwezi wa tatu mwaka jana. Nyumba sitini zinakunywa hapo. Msichana wangu Ikran anakunywa hapo. Qabale alikunywa miezi kumi, amekufa. Hiyo ndiyo hesabu ya Kerrow. Mimi sina hesabu ingine ya kumpa.

Nakumbuka ile mashini yako ya kuangalia vitu vidogo. Ulituonyesha mguu ya nzi. Nzi alikuwa na nywele kama fisi. Natuma ukoko kwa karatasi, na maji ya kisima kwa chombo ya maziwa ya Qabale, ile ndogo ya kusukwa na nyuzi za mti. Chombo ni safi. Nimesafisha mimi mwenyewe. Mohamud wa lori ataleta.

Angalia. Kama ni kisima imemuua, niambie. Nitaijaza mawe na sitachimba tena. Usinihurumie.

Elema


Galbet, Garissa, 19 Januari 2025

Baba Ikran,

Pole. Pole sana kwako na kwa Ikran. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, Mohamud ananiuliza nitamlipa soda au nitamlipa chai. Amekunywa vyote viwili.

Wewe umesema si barua ya kulia, basi nitalia kwa wakati wangu.

Hadubini ninayo hapa nyumbani, ya mtumba, kioo chake kimoja kina ufa lakini kinaona. Nilianza na ukoko. Kwa macho ni unga tu. Kwa hadubini ni vipande vyenye pembe, vimebanana kama meno mdomoni. Nikatonesha ndimu juu yake. Ukachemka mapovu ukaisha. Hiyo ni chokaa, Baba Ikran, lile lile jiwe jeupe unalovunja kila siku na sururu. Maji yanaliyeyusha huko chini, moto wa jikoni unalirudisha. Birika langu la hapa Galbet lina ukoko huo huo, sema tu mwembamba.

Halafu maji. Niliweka tone moja juu ya kioo, nikaliacha dirishani likauke. Kwa joto la hapa halikuchukua dakika kumi. Pembeni kulibaki chumvi. Ungeiona! Ni visanduku, kila kimoja pembe nne, vingine vimebebana. Katikati kuna sindano ndefu za jasi, nyingine zimepandana kama mkia wa mbayuwayu. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii.

Hayo yote nilitegemea. Maji ya huko yamekuwa na chumvi tangu zamani.

Lakini kuna kitu kingine, na sitakuficha. Kuna chembe nyeusi. Nyingi. Zina ncha kama vigae vilivyovunjika, na kando yake kuna matone ya manjano kama mafuta. Nilikaa Hadado miaka minne nikiangalia maji yenu na wanafunzi wangu, na sijawahi kuona kitu kama hiki. Sijui ni nini. Mpaka nijue, usimpe Ikran maji hayo.

Najua unataka neno moja tu, ndiyo au hapana. Sina. Hadubini inaonyesha umbo la kitu, haionyeshi ugonjwa. Kilichoziharibu figo zake zote mbili sidhani kama kinaweza kukaa juu ya kioo changu. Niletee maji ya kisima kingine nilinganishe.

Mwalimu Kanana


Hadado, 23 Januari 2025

Mwalimu,

Nimefunga kisima. Nimetoa kamba na ndoo, nimeweka miiba, na juu ya miiba nimeweka mlango ya choo yangu.

Sasa watu wanaenda kisima ya zamani. Ni saa mbili na punda, kwenda tu. Ramadhani iko karibu.

Nasteho, jirani, unamjua mdomo yake. Alisimama kwa mlango akaniambia, "Elema, mke umezika mmoja. Sisi wengine utatuzika siku gani?" Nikamwambia ngoja barua. Akasema, "Punda wangu pia umwandikie barua, amechoka."

Kerrow alikuja kuangalia miiba. Akasema, "Kwa hivyo umekubali." Nikasema sijakubali, nangoja mwalimu. Akasema, "Mwanamke wa Meru ndiye atakuambia nini iko kwa ardhi ya baba zetu?" Nikasema ndio. Alicheka, lakini si kucheka.

Sikasiriki na yeye. Dada ni mmoja tu alikuwa naye.

Natuma maji ya kisima ya zamani. Nasteho amenipa chombo yake, amesafisha mwenyewe, ananung'unika.

Natuma pia vitu vingine, maana ile picha yako nimeiangalia sana. Kwa karatasi ya kwanza ni ile nyeupe inabaki kwa shati yangu, mgongoni, nikitoka shimoni. Nimeikwangua. Kwa karatasi ya pili ni gundi ya mti. Angalia kama ziko na visanduku.

Na unijibu hii. Hizo visanduku nani anakata? Mimi nikitaka jiwe ya pembe nne natumia siku nzima na bado inapinda. Hii ni ndogo hata jicho haioni, na imenyooka. Nani amenyoosha?

Elema


Galbet, 30 Januari 2025

Baba Ikran,

Hakuna anayekata. Hilo ndilo jambo zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha, na wanafunzi huwa wanalala nikifika hapo. Chumvi ikiwa ndani ya maji imetawanyika, haionekani. Maji yakikauka, chembe zake zinaanza kushikana, na kila chembe ina mahali pake pa kusimama. Ni kama safu za sala msikitini. Wa kwanza akisimama, wa pili anajua asimame wapi, wa tatu vile vile. Hakuna mtu wa kupima na kamba, lakini safu imenyooka. Kisanduku ni safu juu ya safu.

Jasho lako ni visanduku pia, vidogo zaidi, na nyuzi tatu za shati. Gundi haina umbo lolote. Ni kama kioo cha manjano chenye mapovu, na ndani kulikuwa na mguu wa sisimizi. Ikran angeupenda.

Sasa maji ya kisima cha zamani. Nilipoweka jicho nilishtuka. Chembe nyeusi zimo! Chache kuliko za kwako, lakini ni zile zile. Nikajiambia basi ardhi yote ya Hadado imeharibika, na mimi nimewatuma watu watembee saa mbili na punda kwenda kuchota kitu kile kile.

Kisha nikajiuliza, mbona jasho lako halina hata moja? Shati hilo linashinda ndani ya ardhi hiyo hiyo unayochimba.

Nikachukua chembe moja kubwa, nikaivunja na ncha ya sindano, nikaweka kioo cha kukuza zaidi. Chai yangu ilipoa nikaisahau. Baba Ikran, ile chembe ina vitundu. Vimepangwa mstari kwa mstari, kama sega la nyuki. Jiwe halina vitundu vya namna hiyo. Chumvi haina. Kuna kitu kimoja tu ninachokijua chenye vitundu hivyo, nacho ni mti. Mti ulioungua. Huo ni mkaa.

Kwa hivyo nakuuliza, na unijibu bila kuruka kitu: hivi vyombo mlivisafisha na nini?

Mwalimu Kanana


Hadado, 3 Februari 2025

Mwalimu,

Na moto. Chombo ya maziwa inasafishwa na nini kama si moto? Nyinyi Wameru mnasafisha na nini?

Unaweka kaa la moto ndani, kaa ya ule mti wa harufu nzuri. Unafunika. Unatikisa. Moshi inaingia kwa chombo yote. Halafu unamwaga, unapangusa na kamba ya mti, unapaka mafuta kidogo ya kondoo. Hiyo ndiyo safi. Wewe umekunywa maziwa hapa miaka minne, ulikuwa unafikiri ile harufu ni ya ng'ombe?

Hiyo kazi ni ya wanawake. Qabale alifanya mbele yangu miaka ishirini, mimi sijawahi kushika. Siku ile nilitaka uone chombo yake ni safi, usiseme Elema ametuma uchafu. Kwa hivyo niliweka kaa nyingi. Nilitikisa sana. Nimeungua vidole viwili. Ndio maana yangu ina nyeusi nyingi na ya Nasteho ina kidogo. Nasteho anajua kazi.

Nilimwambia Nasteho. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akavua kandambili akanipiga nayo. Siku kumi na mbili, Mwalimu. Nyumba sitini zimetembea siku kumi na mbili kwa sababu mimi nimeosha chombo.

Mlango ya choo bado iko juu ya kisima. Sijafungua. Natuma maji mara ingine, kwa chupa ya jemu. Nimeosha na hiyo maji yenyewe mara tatu, hakuna moto, hakuna sabuni. Ukisema hakuna nyeusi nitakuamini.

Lakini hata nyeusi ikiisha, neno ya Kerrow bado iko pale pale. Hajasema nyeusi. Yeye amesema nyeupe.

Sasa swali yangu. Kwa barua yako ya kwanza umeandika figo zake zote mbili. Mimi nasoma pole pole, kwa hivyo kila neno naliona. Sikukuandikia mbili. Niliandika figo tu. Kerrow hajui ni mbili. Hata mimi nilijua Alhamisi, siku moja kabla afe, daktari akiniambia kwa korido.

Nani alikuambia?

Usinijibu na chumvi.

Elema


Galbet, 8 Februari 2025

Baba Ikran,

Qabale mwenyewe ndiye aliniambia.

Agosti ya mwaka 2022 alikuambia anakuja Garissa kwa harusi ya binamu yake. Hakukuwa na harusi. Alikuja kwangu. Miguu ilikuwa imevimba, viatu vyake alivibeba mkononi. Nilimpeleka hospitali, tukakaa foleni siku mbili, na daktari akasema figo zote mbili zimeharibika, na zimeanza kuharibika zamani. Akamwambia kutafika siku ambapo itabidi aje kuoshwa damu kwa mashine, mara mbili kila wiki, maisha yake yote.

Tulikaa kwa benchi nje. Aliuliza kutoka Hadado mpaka Garissa mara mbili kila wiki ni lori ngapi. Halafu akasema, "Mwalimu, nikimwambia Elema, kesho atauza ngamia. Kesho kutwa ataacha kuchimba. Atakuja kukaa hapa nje ya hospitali kama mbuzi amefungwa kamba. Simtaki hivyo." Akaniapisha. Niliapa. Sikuapa kwa moyo mmoja lakini niliapa.

Angalia tarehe, Baba Ikran. Agosti 2022. Kisima chako kilitoa maji Machi 2024. Alikuwa mgonjwa kabla hujapiga sururu ya kwanza. Kisima chako hakikumuua.

Nilijua haya siku Mohamud alipoleta barua yako ya kwanza. Ningeweza kukuandikia mistari miwili tu. Badala yake nikashika hadubini. Nilidhani nikikuonyesha chokaa, nikikuonyesha chumvi, maji yenyewe yatakuondolea lawama, na mimi nitakuwa sijavunja kiapo cha marehemu. Halafu zikatokea zile chembe nyeusi, nikaogopa kweli, na nikanyamaza hata zaidi. Hizo siku watu walitembea na punda ni zangu pia, si zako peke yako.

Umesema nisikujibu na chumvi, lakini maji umeyatuma. Chupa ya jemu haina hata chembe moja nyeusi. Visanduku na sindano tu. Nusu nilimpelekea mtu anayepima maji ya visima, maana kuna vitu ambavyo hata hadubini haivioni. Amesema ni maji magumu, yana chumvi, sawa na visima vingine vya huko, na watu wanaweza kuyanywa.

Mohamud anarudi huku Alhamisi ya tarehe ishirini. Kama unaweza, panda uje. Nataka uangalie mwenyewe. Na kama unataka kunitukana, barua ni ndogo.

Kanana


Hadado, 24 Februari 2025

Mwalimu,

Kwako nilikaa saa tatu na sikusema kitu. Ulinipa chai, ulinipa chapati, uliningoja niseme. Sasa naandika.

Kwanza ile mashini. Niliweka jicho nikaona kope zangu tu, nyeusi kama miti. Ulisema kila mtu anaona kope zake kwanza. Halafu ukaweka tone ya maji ya kisima yangu, ukasema usiguse, angalia pembeni. Nikaangalia. Hakukuwa na kitu. Halafu kukawa na nukta. Halafu nukta ikawa na pembe. Ikakua. Nilikuwa naiona inakua, Mwalimu. Ingine ikatokea kando yake, na ingine. Ulikuwa unaniongelesha na sikukusikia, kwa sababu sikutaka kupumua.

Nimechimba miaka ishirini na mbili. Hiyo kitu iko chini ya miguu yangu kila siku na mimi nilikuwa naivunja tu. Nikirudi Garissa nataka kuona jasi peke yake. Na mavi ya ngamia. Na damu. Unisamehe, lakini nataka kuona.

Sasa ile ingine.

Nimekukasirikia. Yeye nimemkasirikia zaidi, lakini yeye hawezi kunijibu barua. Alisema ningeuza ngamia. Ni kweli. Ningeuza wote, mpaka ndama. Ningekaa nje ya hospitali kama mbuzi. Hiyo ilikuwa haki yangu na nyinyi wawili mmenichukulia. Nimewaza siku nyingi kama nitakuandikia tena. Naandika, kwa hivyo jua.

Kisima nimefungua siku barua yako ilifika. Mlango ya choo imerudi kwa choo. Nilikunywa wa kwanza. Halafu Nasteho akasukuma punda wake mbele yangu, akasema, "Wa pili ni huyu. Ameteseka kuliko wewe."

Halafu nilienda kwa Kerrow na barua. Hajui kusoma. Nilimsomea mimi, na vile nasoma, tulikaa mpaka ngamia wakarudi. Ile mahali ya Agosti aliniambia rudia. Nikarudia. Akaniambia rudia tena. Halafu akaniuliza, "Sasa mimi nimlaumu nani?"

Nikamwambia, "Sijui. Mimi pia natafuta."

Nilikuwa na maji kwa jerikeni. Nikamimina, nikampa kikombe. Aliangalia ndani muda mrefu, kama wewe na mashini. Akanywa yote. Hakusema samahani na mimi sikungoja.

Kuna kitu sijakuambia. Desemba nilikuwa nachimba shimo ingine, huko ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, kwa watu wa mzee Kaaha. Hawana kisima kabisa. Nilikuwa nimefika mita tano, jiwe imeanza. Niliiacha Qabale alipozidiwa. Yeye ndiye alikuwa anashika kamba yangu juu. Miaka ishirini alishika yeye, maana nikiwa chini simwamini mtu mwingine. Siku moja miguu yake imevimba, nikamuuliza, akasema ni joto. Akavuta ndoo ishirini siku hiyo. Sasa najua alikuwa anavuta na mwili gani.

Leo asubuhi Kaaha alituma mtu kuuliza kama shimo yao imekufa na mke wangu. Kerrow alikuwa amekaa hapa kwangu. Kabla nijibu akasema, "Kamba nitashika mimi."

Nikamwambia, "Kerrow, tunaenda mpaka mita kumi na mbili. Ukilegeza, nimekufa."

Akasema, "Najua. Dada yangu alilegeza siku gani?"

Nikasema hata moja.

Tumeangalia kamba pamoja, tumekata mahali imelika, tumefunga upya. Mohamud anaondoka sasa hivi, anapiga honi.

Kesho narudi kazini.

Elema